Mzigo Ulioshushwa Njiani

Kazi yangu ni kuhesabu. Nimeajiriwa na wakala wa forodha hapa Namanga, na tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe rasmi Desemba 2018, maofisa wa Kenya na wa Tanzania wakaketi chini ya paa moja, mimi ndiye yule mtu anayepanda juu ya lori na kalamu sikioni, akahesabu magunia na makatoni, akashuka, akaandika. Karatasi ikisema 600 na lori likisema 598, silali. Nayataja haya mapema ili aibu yangu uipime vizuri. Nyumbani kwangu mwenyewe, nyumba ya vyumba viwili inayotazamana na mlima Ol Doinyo Orok, mzigo wa vidonge 49 ulishushwa njiani kwa wiki saba mfululizo mbele ya macho yangu, na kila usiku mimi nikautilia alama kwamba umefika.

Ilikuwa mimba yetu ya pili. Mke wangu ni mtoto wa Kitengela, na kliniki ya kwanza tulikwenda kuianzia huko kwao, kwa sababu dada yake anauza katika duka la dawa na hataki kabisa kusikia kwamba mdogo wake atapimwa na mtu asiyemjua. Alipimwa damu, ikasoma 11.2. Nesi akasema amepita chupuchupu, maana mjamzito akishuka chini ya 11 huhesabiwa kuwa amepungukiwa. Akaandikiwa kile kijitabu cha mama na mtoto, akapewa bahasha ya kaki yenye vidonge vya rangi ya matofali. Akina mama huviita dawa za damu. Ndani ya kila kimoja mna miligramu 60 za madini ya chuma na mikrogramu 400 za foliki, ile inayohitajika tangu mwanzo kabisa wa mimba ili uti wa mgongo wa mtoto ujifunge sawasawa. Havilipiwi.

"Kimoja kila siku mpaka ujifungue," nesi akasema, kisha akaendelea kueleza mambo mengine matatu. Sikuyasikia. Simu ilikuwa imeita. Dereva wangu amekwama Longido na lori la vitunguu, na vitunguu havingoji. Niliporudi ndani nesi alikuwa anasema, "Mmeelewa?" na mimi, kwa sauti ya mtu mzima, nikajibu, "Tumeelewa."

Mambo yale matatu ndiyo hadithi yote iliyobaki.

Usiku ule ule nikajiteua kuwa msimamizi. Nikachukua kalenda ya buchari iliyotundikwa karibu na televisheni, nikaifunga kalamu kwa uzi. Kila jioni baada ya ugali nilipika chai mwenyewe, na chai yangu si ya mchezo: maziwa nusu, maji nusu, majani vijiko vitatu vilivyojaa, tangawizi ya kupondwa, ichemke mpaka ipande mara tatu. Kidonge nakiweka juu ya kisosi, kikombe pembeni. "Meza, Mama." Anakitia mdomoni, anapiga fundo la chai, mimi nageukia ukuta natia alama. Majirani wawili niliwaonyesha ile kalenda. Mmoja wao alinisifu mbele ya mkewe, na nadhani mkewe hajanisamehe.

Wiki ya pili Yieyo akaja. Mama yangu anakaa ndani ndani upande wa Bissil, na mkaza mwana akiwa mjamzito huwa hangoji kualikwa. Alishuka kwenye matatu na kibuyu cha maziwa mgando, shuka mbili, na kopo kuukuu la kakao ambalo wakati huo sikulitilia maanani. Akamtazama mke wangu kuanzia kichwani mpaka miguuni jinsi anavyomtazama mtamba sokoni, akasema neno moja tu: "Anakula sana."

Watu wa nje wakiisikia imani hii ya kumpunguzia mjamzito chakula hucheka. Mimi siwezi, kwa sababu naijua ilikotoka. Yieyo amezaa mara saba, zote nyumbani, wakati chumba cha upasuaji kilikuwa mwendo wa siku nzima, tena ukiwa na bahati ya kupata gari. Mtoto akikwama, hakuna wa kumtoa. Wanawake wa Kimaasai wakaamua kumaliza tatizo kabla halijaanza: miezi ya mwisho mama apunguziwe chakula, maziwa yaongezwe maji, mtoto atoke mwembamba, kunenepa atanenepea nje. Damu na nyama mama atarudishiwa akishajifungua, na hapo hana mpinzani, fahali mzima atachomwa mshale wa shingo kwa ajili yake. Kwa mtu asiye na daktari, huo ulikuwa mpango wenye akili. Shida ni kwamba Yieyo alikuja nao Namanga, hatua chache kutoka barabara ya lami, pikipiki zimejaa mpaka zinagongana.

Basi nyumbani kukawa na serikali mbili. Mimi naongeza maharagwe, Yieyo anapunguza ugali. Mimi naleta maini, Yieyo anamgawia mjukuu. Unga wa pakiti, ule ambao sheria tangu 2012 inataka uongezwe chuma na vitamini, aliukataa kwa sababu hauna ladha. Tukarudia wa kinu. Mke wangu akawa katikati, amenyamaza kuliko ilivyo desturi yake, na mimi nikadhani kunyamaza ni afya.

Wiki nane zikapita, alama 56. Tukaenda kliniki, safari hii hapa hapa Namanga. Foleni ilikuwa ndefu, akina mama wa shuka nyekundu na akina mama wa dera, wengine wamevuka kutoka upande wa pili. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2011 uliwakuta wajawazito zaidi ya 4 katika kila 10 nchini Kenya wakiwa na upungufu wa damu, na mimi nilikuwa nimekaa pale nikiwahurumia wenzangu wasiokuwa na kalenda. Kisha jina letu likaitwa. Damu: 9.3.

Nesi, dada wa Kimaasai mwenye miwani, alitazama kijitabu, akamtazama mke wangu. "Vidonge unameza?"

"Ndiyo."

"Choo chako ni cha rangi gani?"

Mke wangu akatazama dari. Mimi nikatazama sakafu, kwa sababu nimelelewa vizuri.

"Cha kawaida tu."

"Si cheusi?"

"La."

Nesi akaweka kalamu chini. Madini ya chuma, alieleza, hayanyonywi yote. Yanayobaki hushuka na kukipaka choo rangi nyeusi, na hilo halina madhara. Mtu anayemeza kila siku akikosa kabisa weusi huo, kuna swali. Nikatoa simu, nikamwonyesha picha ya kalenda. Aliitazama kwa heshima. "Baba," akasema, "kalenda haina damu."

Akatueleza kwa nini damu ilishuka hata kama hakuna jeraha. Mwilini mwa mjamzito damu huongezeka karibu nusu nzima ya ile aliyokuwa nayo, lakini maji yake ndiyo hukimbia mbele, wekundu unafuata nyuma. Ni kama birika la watu wawili wanapoingia wageni wanne: maji utaongeza, na usipoongeza majani, chai itakuwa ya kuona aibu. Mtoto naye anachukua fungu lake, na siku ya kujifungua mama atamwaga damu. Aliyeingia leba na 9 anaweza kuwa mahututi kwa kumwaga damu ile ile ambayo mwenye 12 angeimwaga kisha akakaa akaomba uji.

Nilirudi nyumbani nikiwa mkaguzi. Kuna ujanja mmoja hapa mpakani ambao kila mtu wa forodha anaujua: mzigo wa transiti unaandikwa kwamba unakwenda ng'ambo, karatasi zinapigwa mihuri yote, lakini bidhaa zenyewe zinashushwa njiani usiku na kuuzwa sokoni. Karatasi safi, lori tupu. Nikajiambia, vidonge vilivyotoka kliniki ni 60, bahasha ina 4, alama ni 56. Karatasi safi. Mzigo uko wapi?

Upekuzi wangu wa kwanza ulinipa kitu kingine. Ndani ya mkoba wa mke wangu, vimefungwa kwa gazeti, nilikuta vipande vya mawe laini ya rangi ya kijivu, yale yanayouzwa kwa mama mboga pamoja na nyanya. Akanipa jibu bila kuona haya: anayatamani, yananukia kama mvua ya kwanza, na dada zake wote Kitengela waliyala. Nikajitayarisha kuhutubu. Yieyo, aliyekuwa mlangoni anapepeta maharagwe, akasema bila kuinua uso, "Ng'ombe akianza kulamba udongo, amekosa chumvi. Mpe chumvi ataacha." Nikamwambia hapa hatuzungumzii ng'ombe. Laiti ningenyamaza nikasikiliza, maana wataalamu nao wanasema upungufu wa madini ya chuma na hamu ya kula udongo huonekana pamoja mara kwa mara, na Yieyo alikuwa amempima mkwewe bila kumchoma sindano.

Jumamosi jioni ndipo mambo yalipoharibika. Binti yetu wa miaka minne alikuwa anacheza duka chini ya kitanda cha nyanya yake. Nilimsikia akimnadia nyanya yake: "Koko, peremende shilingi tano." Kisha akatoka akitambaa, amebeba kopo la kakao, na midomo yake ilikuwa ya rangi ya matofali.

Sijui nilifikaje barabarani. Najua nilimbeba mtoto kwapani kama gunia, kopo mkono wa pili, mke wangu na tumbo lake nyuma ya pikipiki ya pili, na Yieyo kwenye ya tatu, ambaye tangu kuzaliwa kwake alikuwa hajapanda pikipiki. Kituoni tabibu alimpima mtoto uzito kwanza, kilo 16, ndipo akageuka: "Amekula vingapi?"

Hilo ndilo swali pekee alilolitaka jibu, na alituambia sababu huku akimchunguza. Vidonge vya mama ni sumu kwa mtoto. Mwili wa mtoto ukipata zaidi ya miligramu 20 za chuma kwa kila kilo ya uzito wake, anaanza kuugua. Zikifika 60 kwa kilo, maisha yamo hatarini. Nikapiga hesabu pale pale, maana kichwa changu hakijui kufanya kingine: kwa mtoto wetu, vidonge sita vinatosha kumuumiza, na 16 vinaweza kumuua. Nikamwaga kopo juu ya meza. Vilikuwa 48, pamoja na kimoja alichokitema mkononi mwa mama yake, kimelambwa rangi tu. 49.

"Vilikuwa vingapi humo ndani?" tabibu akauliza.

Nikamgeukia Yieyo. Yieyo akamgeukia mke wangu. Hao wawili hawajawahi kukubaliana juu ya chochote, tangu mahari mpaka jinsi ya kuosha sufuria, na sasa nikaona macho yao yanaongea kama ya watu wenye mkataba.

"Mke wangu," nikasema, "katika vile 56, ulimeza vingapi?"

"Baba Watoto, nisamehe."

"Vingapi?"

"Saba. Wiki ya kwanza tu."

Saba na arobaini na tisa. Nikarudia kwa sauti, nikahesabu tena juu ya meza, viwili viwili, kama tunavyohesabu makatoni. Hakikukosekana hata kimoja. Tabibu akasema hata hivyo atamwangalia kwa saa sita, asije akaanza kutapika, nasi tukaketi kwenye benchi mpaka saa nane za usiku. Mtoto alilala usingizi wa pono. Sisi tulikuwa na mazungumzo.

Vilimchafua moyo, mke wangu akasema. Wiki ile ya kwanza kila akimeza anaamka usiku kutapika, na tumbo limefunga kama saruji. Mbona hakuniambia? "Ungefanya nini? Ulishawaonyesha majirani kalenda." Basi akawa anakiweka chini ya ulimi, anapiga fundo la chai, anangoja nigeukie ukuta. Usiku ule ule wa kwanza Yieyo akamwona akikitema. Hakumchongea. Alinyoosha kiganja tu, kwa kuwa kwake yeye vile vidonge vilikuwa vya kunenepesha mtoto, na huyu mkwe wa mjini, kumbe, ana akili. Kila usiku akawa anavipokea na kuvitia katika kopo.

"Kwa nini hukuvitupa?" nikamuuliza.

Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Dawa ya serikali haitupwi."

Asubuhi yake Yieyo mwenyewe ndiye aliyetaka twende kliniki. Yule nesi wa miwani alimketisha, wakaongea kwa Kimaa kwa muda mrefu, na mimi niliyekulia mjini niliambulia nusu. Hakumwambia kwamba mila zake ni ujinga. Alimuuliza juu ya ukame wa 2022. Yieyo alipoteza ng'ombe wengi mwaka ule, na anamkumbuka kila mmoja kwa rangi. Wale waliozaa wakati wa kiangazi, nesi akauliza, ndama walikuwa wadogo? Walikuwa wadogo. Basi mama zao walizaa kwa urahisi wakaondoka? Yieyo akanyamaza. Kisha akasema, taratibu: walilala chini, hawakuinuka. Ndama nao hawakusimama.

Nesi hakumficha kitu: mama akilishwa vizuri mtoto huongezeka uzito, lakini ongezeko la vidonge huhesabiwa kwa gramu, na mtoto aliyezaliwa mdogo mno ndiye anayekufa upesi. Akichelea mtoto mkubwa, dawa yake ni kuzalia mahali penye chumba cha upasuaji. Yieyo akafikiri. Halafu akatamka neno ambalo hata mimi nililielewa: *emakat*. Magadi. Ile chumvi ya ziwani, huko huko Kajiado kwetu, ambayo wafugaji huwapa ng'ombe walambe. "Kumbe ni magadi ya watu," akasema. "Mngesema tangu mwanzo."

Nilipodhani kesi imekwisha na mimi ndiye mlalamikaji, nesi akauliza vidonge humezwa na nini. Nikamweleza chai yangu, kwa majivuno yaliyosalia. Majani vijiko vitatu? Maziwa nusu? Akavua miwani. Chai ya majani, akasema, hukishika kile chuma tumboni kisipite. Ikinywewa pamoja na chakula inaweza kuzuia zaidi ya nusu yake. Maziwa nayo yanaongeza kizuizi. "Hata vile saba alivyomeza kweli, baba, ulivifungia mlango." Chai ingoje saa moja au mbili. Kidonge kimezwe na maji, au kipande cha chungwa, wakati wa kulala baada ya kula, na kichefuchefu kitapungua. Na kwa damu ya 9.3, viwe viwili kwa siku mpaka ipande.

Hayo ndiyo mambo matatu niliyoyakosa Kitengela kwa ajili ya vitunguu: rangi ya choo, chai, na kuviweka mbali na watoto.

Mwanamume akiaibika hukimbilia pesa. Nilimpigia shemeji yangu aniuzie lile kopo kubwa la vitamini za wajawazito kutoka ng'ambo, bei yoyote. Akanicheka. Alinieleza kwamba kweli kipo kidonge chenye virutubisho 15 kwa pamoja, kilichopangwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa mwaka 1999, na kwamba 2021 Shirika la Afya Duniani lilikiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu. Hata hapa jirani Dar es Salaam wajawazito 8,468 walifuatiliwa, wote wakipewa chuma na foliki, nusu yao wakiongezewa vitamini nyingine. Matokeo yakachapishwa 2007, na waliozaa watoto wenye uzito pungufu walishuka kutoka asilimia 9.4 hadi 7.8. "Ni kitu kizuri, shemeji. Lakini nikikuuzia hicho, mke wako atakitemea wapi?"

Kalenda ya buchari nilinyang'anywa. Sasa hesabu iko kwa Yieyo, aliyeahirisha kurudi Bissil: ana uzi na shanga nyekundu, kila usiku anaingiza mbili, na kabla ya kuziingiza anasimama mbele ya mkwewe. "Fungua mdomo. Inua ulimi." Hakuna ofisa wa forodha ninayemjua anayekagua hivyo. Kopo limefungiwa kabatini, ufunguo uko shingoni mwake pamoja na mapambo yake mengine. Maini sasa anayakata yeye, na mjukuu anapewa kipande kidogo. Mawe ya kwenye mkoba yamepungua, sijasema yamekwisha. Mimi chai nainywea nje, peke yangu, nikitazama malori yakiwasha taa kwenye foleni ya mpaka, na nikikaribia mlango na kikombe nasikia sauti ya Yieyo: "Bado saa moja!"

Mwezi uliofuata damu ilisoma 10.6. Lakini habari hiyo tulikuwa nayo kabla ya kipimo. Siku ya tano ya uzi wa shanga, alfajiri, kabla hata muadhini hajamaliza, mke wangu alipaaza sauti kutoka chooni uani, plotini penye wapangaji sita:

"Mama! Nyeusi!"

Na Yieyo, bila kutoka kitandani, akajibu kwa sauti iliyofika upande wa Tanzania: "Kama nini?"

"Kama lami!"

Nikasikia shanga zikigongana gizani.